Mafuriko Vermont: mkulima mdogo wa mboga alipwe na mpango gani wa serikali?

Bonde_la_Winooski
Habari zenu, ndugu. Mto Winooski, hapa jimbo la Vermont, Marekani, ulifurika Julai 2023, ukafurika tena Julai 2024, na sisi wenye nusu ekari za kukodi tumo bondeni kabisa. Tunalima sukuma wiki, mchicha na nyanya chungu. FSA, shirika la huduma za mashamba la Wizara ya Kilimo ya Marekani, hulipa hasara ya mboga kupitia mpango gani, na kipi kiwe tayari kabla maji hayajaja?

BwanaJembe
Mpango wenu ni NAP, kinga ya hasara ya maafa kwa mazao yasiyo na bima ya kawaida, na hununuliwa kabla ya msimu. Kila zao lina tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo nendeni ofisi ya FSA ya kaunti wakati wa baridi. Kwanza upate namba ya shamba. Si lazima umiliki ardhi, ila mkataba wa kukodi uwe na jina lako. Wengi hukwama kwenye mashamba ya kikundi: mkataba ni mmoja, wa shirika, na wakulima wenyewe hawamo kwenye kumbukumbu yoyote. Dai barua yenye jina lako na ukubwa wa kipande chako.

Ada ni dola 325 kwa zao, au 825 kwa mazao yote ya kaunti moja. Mwenye kipato kidogo, au ambaye hajafikisha miaka 10 katika kilimo, husamehewa kwa fomu CCC-860. Iulizie kabla hujatoa hela.

Hesabu yake sasa, maana watu hutarajia makubwa. Chukua mfano wa zao linalotarajiwa kutoa paundi 4,000, bei senti 60. Umevuna 500 tu. Kinga ya msingi huhesabu nusu ya mavuno, yaani 2,000, ikatoa zile 500, halafu hulipa asilimia 55 ya bei: dola 495. Ungevuna 2,000 usingepata kitu. Kinga ya asilimia 65 kwa bei kamili ingekupa 1,260, na mchango unaoulipia wewe ni kama dola 82, nusu yake kwa wenye CCC-860. Kwa shamba la bondeni mimi sioni sababu ya kuchukua ile ya msingi.

Dada_Esperance
Naongeza panapopotezea watu haki yao. Mboga za kuvunwa kwa mkono, ofisi ijulishwe ndani ya saa 72 tangu uharibifu uonekane. Simu inakubalika, lakini tuma barua pepe, inabaki na tarehe. Fomu CCC-576, ya taarifa ya hasara, ifuate ndani ya siku 15. Usilime upya wala kung'oa mpaka ofisi ikuruhusu. Tuta lililokwisha kugeuzwa mkaguzi atapima nini?

Mapema zaidi kuna ripoti ya ekari, FSA-578. Kwa mazao mengi mwisho ni 15 Julai, au siku 15 kabla ya kuanza kuvuna, itakayotangulia. Mchicha hukomaa upesi, basi tarehe yake huangukia Juni na watu hawana habari.

Na tafadhali, msiuze mboga ambayo maji ya mto yamegusa sehemu inayoliwa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haiikubali kama chakula hata ikioshwa: maji hayo yana kinyesi, mafuta na kemikali. Maji ya mvua yaliyotuama tu shambani ni jambo jingine.

Bonde_la_Winooski
Asante sana, dada. Na asiye na NAP, shamba likajaa mchanga na magogo?

BwanaJembe
Hapo ni ECP, mpango wa FSA wa kukarabati ardhi ya kilimo baada ya maafa. Haifidii mazao, inachangia gharama ya kuondoa takataka, kusawazisha udongo na kurudisha uzio, hadi asilimia 75, au 90 kwa wakulima wapya na wenye kipato kidogo. Lazima iwe imefunguliwa kwa kaunti yako. Piga picha, omba, subiri ukaguzi na kibali, ndipo ulete trekta. Kazi iliyoanza kabla ya kibali kwa kawaida hailipwi, hata uwe na risiti zote. Aliyekodi apate pia ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi.