Kila maumivu ni rimatizi? Atrozi, poliatriti na guti

Mulezi_Ibanda:
Hapa Bukavu kila kiungo kinachouma kinaitwa rimatizi, na kila mtu anatoka farmasi na diklofenaki, dawa ya maumivu. Kwenye santre ya afya hatuna radio ya kupiga picha za mifupa. Kwa maswali na mikono tu, tutofautishe vipi atrozi (kiungo kuchakaa), poliatriti (kinga ya mwili kushambulia viungo) na guti (fuwele za asidi ya uriki ndani ya kiungo)?

Kadutu_juu:
Yaya, anzia asubuhi. Muulize vidole vinabaki vimekakamaa kwa muda gani akiamka. Chini ya nusu saa, na goti linauma zaidi akitelemka mlima: atrozi. Ikipita saa moja, bana taratibu viungo vya shina la vidole. Akishtuka kwa maumivu, na mkono wa pili vilevile, fikiria poliatriti. Kiungo cha karibu na ukucha kwa kawaida poliatriti hukiacha. Uvimbe mgumu pale ni wa atrozi. Guti huja ghafla, mara nyingi usiku, kwenye dole gumba la mguu. Hata kitenge kikiligusa, analia.

Wa_labo:
Kwa guti, labo inaweza kukudanganya: wakati wa shambulio asidi ya uriki huweza kuonekana sawa. Rudia wiki 2 baada ya kupona. Kolshisini ni dawa ya shambulio: mg 1, kisha mg 0.5 baada ya saa moja. Figo zikiwa mbovu, docta aamue. Alopurinoli ni ya miaka: huanza mg 100, inaongezwa polepole hadi asidi ishuke chini ya mg 60 kwa lita. Wengi huitupa miezi ya kwanza kwa sababu guti inarudi, kumbe fuwele ndizo zinayeyuka. Lakini vipele vikitoka, aache siku hiyohiyo. Samaki wadogo wa sambaza apunguze, bia ndiyo kwanza.

Kadutu_juu:
Naongeza la hatari. Metotreksati ya poliatriti hunywewa mara moja kwa WIKI. Andika “Ijumaa tu” kwenye boksi. Akiinywa kila siku, vidonda vinajaa mdomoni na uboho unaacha kutengeneza damu. Asidi ya foliki apewe siku nyingine. Mwenye mimba asiiguse kabisa.

Atrozi inataka paja lenye nguvu: akae kitini, anyooshe goti, ahesabu hadi 5, mara 10, asubuhi na jioni. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Wengi wanakosea hapo.

Mulezi_Ibanda:
Na kiungo kimoja chenye moto, pamoja na homa?

Wa_labo:
Huyo hospitali leo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, na deksametazoni ya mtaani, dawa ya kushusha uvimbe, itauficha tu.