Pete ya rangi shingoni mwa chupa ya soda ya chungwa: imeharibika?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, jana mteja alinirudishia chupa ya soda ya chungwa kabla ya kuifungua, kwa sababu shingoni, pale soda inapokomea, palikuwa na utando mzito wa rangi kama pete, na chini yake soda imepauka kidogo. Tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika na kizibo kiko imara, lakini katika kreti hiyo hiyo nimekuta nyingine tatu za namna hiyo. Je, ni uchafu?

Jibu: Ndugu mleta mada, hayo yaelekea kuwa mafuta. Harufu ya chungwa katika soda nyingi hutokana zaidi na mafuta ya ganda kuliko maji ya tunda. Minya ganda karibu na mwali wa mshumaa uone cheche. Mafuta hayo hayachangamani na maji, tena ni mepesi: lita moja ina gramu 840 hivi, ilhali lita ya soda yenye sukari hupita gramu 1,000. Kwa hiyo kiwandani huvunjwavunjwa yakawa matone madogo mno, yakavikwa gundi, mara nyingi ile ya migunga ya Sudani, na matone hayo ndiyo yanayoifanya soda isionyeshe upande wa pili. Chupa ikisimama muda mrefu, hasa penye joto, matone huungana na kupanda, na rangi inayoyeyuka katika mafuta, kama beta-karotini, hupanda nayo.

Jibu: Naongezea kwamba viwanda hutia pia kitu kizito cha kuyazuia mafuta yasielee. Marekani walitumia kwa miaka mingi mafuta ya mimea yaliyotiwa bromini, hadi ruhusa yake ilipofutwa mwaka 2024. Wengine hutumia utomvu wa msonobari uliosindikwa.

Mleta mada: Nashukuru. Kweli kreti hukaa barazani, na jua la alasiri hulifikia baraza. Basi niziuze?

Jibu: Zipindue polepole, bila kutikisa, mara kadhaa. Pete ikiyeyuka na soda ikarudi rangi moja, ni mafuta. Ukiona nyuzinyuzi, kizibo chenye kutu au chupa inayovuja gesi, usimuuzie mtu.

Mleta mada: Nimezipindua zote nne. Tatu zimechanganyika, ya nne imebaki na kigaga kilichoganda kwenye kioo, nayo nimeitenga.