Yule mama wa dirisha la vipimo leo kanivua nguo mbele ya benchi zima

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimetoka pale sasa hivi. Jina sitaji. Aliyewahi kukaa benchi lile anamjua: miwani ya kamba, sauti ya mpiga debe wa stendi ya Kange.

Siku 12 zilizopita nilimnyanyua majeruhi wa ajali barabarani. Kiganja changu kilikuwa na kidonda kibichi cha spoku, na damu yake yote iliniishia mkononi. Leo nikaenda kupima VVU. Katoboa kidole, tumesubiri, mstari mmoja. "Huna kitu, nenda." Nikauliza kwa adabu, shikamoo nilishatoa tangu mlangoni: mama, hiki kinatafuta kingamwili peke yake, zile kinga ambazo mwili unatengeneza kupambana na virusi, au na ile antijeni ya p24, kipande cha kirusi chenyewe? Maana siku 12 mwili unaweza kuwa bado haujatengeneza kingamwili.

Akafungua mlango. AKAFUNGUA MLANGO wakuu, akapaza sauti: "Huyu kijana ana wasiwasi na UKIMWI wake, kipimo chetu hakimtoshi!"

UKIMWI wake! Sauti ile Pemba wameipata. Bibi mmoja kamvuta mjukuu wake pembeni. Abiria wangu wa kila asubuhi alikuwa benchi la pili, kesho huyo anapanda bajaji.

Na swali langu lilikuwa la maana. Kipimo cha vinasaba huweza kuviona virusi kuanzia kama siku ya 10. p24 inafuata, wiki 2 na kitu. Kingamwili ndizo za mwisho, wiki 3 na kuendelea, wengine mpaka miezi 3. Siku hizo za mwanzo ndipo virusi vinapojaa kwenye damu, na ndipo mtu anaambiwa "huna kitu" akarudi kwa mkewe. Vipimo vya kuwahi vipo, mbona mezani kwetu havifiki? Haya, kama hana, aseme hana. Mlango aliufungulia nini?

Mchungwa wa Muheza: Yule mama! Mimi alinitangazia kaswende, na nilikuwa nimemsindikiza shemeji tu.

Kiboko wa Makorora: Mleta mada, una hakika ulinyanyua majeruhi? Isije ikawa ulinyanyua kingine 😂

Mleta mada: Nimesema majeruhi. Na mlango aliufungua.

Maabara Kimya: Pole mdogo wangu, swali lako ni la haki. Ungewahi ndani ya saa 72 ungepewa PEP, vidonge vya siku 28 vya kuzuia maambukizi. Sasa rudi wiki ya 6, halafu ukitimiza miezi 3. Katikati hapo kondomu, na usiende kuchangia damu ili upimwe bure, maana damu ya siku hizi za mwanzo inaweza kupita kwenye kipimo ikamfikia mgonjwa. Vya kidole vyenye p24 vipo, ila maambukizi mabichi huvipita mara nyingi. Cha vinasaba kinataka mashine na fundi wake, hakikai kwenye meza ile.

Mleta mada: Ahsante kaka. Mmeona? Maneno machache, na mlango umefungwa.

Mama Chumbageni: Afadhali wewe umepimwa. Mimi dirisha la dawa nimekaa tangu saa mbili asubuhi, saa saba naambiwa hakuna, kanunue nje.

Kiboko wa Makorora: Nje wapi, pale kwa shemeji yake?

Mama Chumbageni: Hapo hapo! Na chenji harudishi, anakupa pipi.

Mchungwa wa Muheza: Pipi si kitu. Nani kashuka Kange usiku juzi? Bajaji mpaka Ngamiani kaniambia elfu kumi, na kuku wangu kamhesabu abiria.

Mleta mada: Wakuu, ule mlango lakini

Mama Chumbageni: Kuku alikuwa hai au kachinjwa?

Mchungwa wa Muheza: Hai. Na siti alikalishwa mbele, mimi nyuma na mizigo.