Grupu la familia: Mama anapanda ndege gani

*WANA WA TABATA 🏠*

Rehema: Assalaam alaykum familia. Viza ya Mama ya kwenda Uingereza kwa Zuhura imetoka alhamdulillah, nimeichukua paspoti mjini nikapanda nayo daladala nimeikumbatia kama yai 😅 Sasa kilichobaki ni tiketi. Michango iliyoingia mpaka leo milioni 4 na laki 6, walioahidi tu wanajijua siwataji. Naomba mpaka kesho jioni tuwe tumeamua maana bei ya juzi siyo ya leo

Zuhura Manchester: Alhamdulillah 😭😭 Mama anakuja kweli

Mjomba Hamza: Waalaykum salaam. Hongereni wanangu. Mimi neno langu ni moja tu, dada apande bizinesi. Kawalea nyie sita kwa biashara ya vitumbua leo mnamtafutia kiti cha kubanwa? Hata mama yule wa nyumba ya kona alipelekwa kwa mwanawe kwa bizinesi na mtaa mzima ulijua

Nasri: Mjomba shikamoo. Nimeangalia sasa hivi kwenye apu, bizinesi kwenda na kurudi inakaribia mara 3 ya ekonomi

Mjomba Hamza: Marahaba. Sasa mara tatu ndo nini kwa mama yako

Nasri: Ndo milioni 8 na ushee mjomba

Mjomba Hamza: Aah

Kaka Sudi: Ngojeni kwanza hatujajua hata anapita wapi tumeshafika kwenye kiti. Hapa Dar hakuna ndege ya moja kwa moja mpaka Uingereza, British Airways walikuwa wanakuja zamani wakaacha 2013. Kwa hiyo lazima aunganishe, Dubai, Doha, Istanbul, chagueni. Na msimkatie ya London eti kwa sababu ni rahisi kidogo, akishuka Heathrow Zuhura na tumbo lile atamfuata vipi? Emirates, Qatar na Turkish zote zinashuka Manchester penyewe

Zuhura Manchester: Kaka asante sana. Heathrow mpaka huku ni masaa manne ya gari na mimi sasa hivi hata kuvaa viatu navalishwa

Shangazi Mwajuma: Pole mwanangu. Na hiyo Istanbul mbona sijaisikia, ndo kwa Waturuki?

Nasri: Ndo hiyo shangazi. Kwa hewani Turkish ndo fupi kuliko zote, karibu masaa 7 mpaka Istanbul halafu kama 4 hivi mpaka Manchester. Dubai kwa Emirates ni masaa 5 na nusu halafu 7 na nusu. Ila kwa tarehe zetu Turkish wananipa kusubiri masaa 9 pale Istanbul, Dubai masaa 3 na dakika kadhaa

Kaka Sudi: Mimi nina maili za Ethiopian, zile pointi wanazokupa ukisafiri nao, za safari za Guangzhou. Turkish wako nao muungano mmoja wa mashirika ya ndege ule wa Star Alliance ningeweza kuzitumia, nimeangalia hazitoshi hata nusu. Emirates ndo kabisa hawako kwenye muungano wowote. Kwa hiyo maili zangu sahauni, nitazinunulia begi

Rehema: Masaa 9 Mama na goti lile hapana. Na masaa 3 yanatosha kweli?

Kaka Sudi: Yanatosha na ndo mazuri. Chini ya hapo ogopeni. Mimi kuna kampuni moja siitaji iliniuzia konekisheni ya dakika 55, nimekimbia uwanja mzima na begi mgongoni jasho linanitoka, ndege nimeiwahi, mzigo haukuiwahi. Nimekaa China siku 4 na suruali moja. Mama hawezi kukimbia, hata kutembea haraka hawezi, na Dubai pale kuna mpaka treni ya ndani ya kukuhamisha upande mwingine. Halafu muhimu, safari yote iwe tiketi MOJA, siyo vipande viwili mmevitafuta wenyewe mkaunganisha kwa kubana hela, maana ndege ya kwanza ikichelewa kwenye tiketi moja wao ndo wanakutafutia nyingine, kwenye tiketi mbili utajijua

Mjomba Hamza: Sawa Dubai. Narudi kwenye kiti. Bizinesi nusu je? Kwenda bizinesi kurudi ekonomi

Nasri: Mjomba hiyo bizinesi nayo usiione ya jina moja. Ndege inayotoka Dar ni Boeing 777, zile ambazo hazijakarabatiwa bizinesi yake ni viti 2-3-2, yaani unaweza kulipa mamilioni ukakaa kati ya watu wawili ukitaka chooni unamruka mwenzio. Ile unayoiona kwenye mapicha ina baa na kiti kila mtu na njia yake ni A380, ile ndege ya ghorofa mbili, ghorofa ya juu, hiyo ataikuta Dubai kwenda Manchester kama ndo watakayoileta

Mjomba Hamza: Kumbe. Na hakuna ya kati ya ekonomi na bizinesi

Nasri: Ipo inaitwa premiamu ekonomi, kiti kipana, cha kuwekea miguu, mstari una watu 8 badala ya 10. Lakini siyo kila ndege inayo, unaweza kulipia ukakuta kipande kimoja unacho kipande kingine umerudi kwenye ekonomi ya kawaida

Shangazi Mwajuma: Jamani mimi sijasoma ila naomba niulize swali la kizamani. Huyu mtoto anazaliwa lini?

Zuhura Manchester: Mkunga anasema wiki ya pili ya Januari shangazi

Shangazi Mwajuma: Na yule wa kwanza walikwambia lini akaja lini?

Zuhura Manchester: Alichelewa siku 9 😅

Shangazi Mwajuma: Haya. Na wifi akifika akakuta bado, au akakuta umepasuliwa, arobaini yake inahesabiwa kutoka lini? Mmeng'ang'ania kiti wakati tarehe ya kurudi hakuna anayeijua hapa

Rehema: 👏👏👏

Kaka Sudi: Shangazi umepiga penyewe. Sikilizeni, hata ndani ya ekonomi kuna tiketi za aina nyingi, watu wanakaa mstari mmoja wanakula chakula kimoja lakini walichonunua siyo kimoja. Emirates wana Special, Saver, Flex na Flex Plus. Zile za chini bei inavutia lakini ukitaka kusogeza tarehe unalipa faini na juu yake tofauti ya bei ya siku hiyo, na kiti ukitaka kuchagua mapema unalipia. Flex faini yake ndogo na kiti cha kawaida unachagua bure mapema. Flex Plus kubadilisha bure kabisa ila tofauti ya bei hiyo inabaki pale pale kwa wote hiyo haikimbiliki. Mimi kwa Mama ningechukua Flex nikaachana na habari za kitanda cha bizinesi, viza yenyewe ni ya miezi 6 nafasi ya kusogeza anayo

Nasri: Flex imezidi Saver kama laki 4 hivi kwenda na kurudi. Inaingia kwenye hela iliyopo na inabaki

Rehema: Inayobaki ni koti na viatu vya baridi na hela ya mkononi, hilo nalisema mapema kabla hamjaanza kuipangia matumizi

Mjomba Hamza: Na goti? Masaa 13 hewani na goti. Mnanijibu tarehe mimi nauliza goti

Rehema: Goti tunaomba wilicheya mjomba. Ni bure, haijalishi upo klasi gani, inaombwa wakati wa kukata au baadaye ila isipungue masaa 48 kabla. Wanampokea Terminali 3 hapa, Dubai wanamshusha wanamhamisha, Manchester wanamtoa mpaka kwa Zuhura

Nasri: Zipo za aina 3. WCHR ni mtu anayeshindwa kutembea mbali lakini ngazi anapanda, WCHS ngazi haziwezi, WCHC anabebwa mpaka kitini. Mama tuandike ipi?

Rehema: Idi ile alipanda kwa Sudi ghorofa ya tatu akakaa siku mbili mguu juu ya mto. Andika WCHS

Mama: 🎤 1:12

Rehema: Kwa walio kazini, Mama anasema amewasikia wote na anashukuru, ila wilicheya hataki, yeye siyo mgonjwa, na kwamba akipita pale eapoti anasukumwa atakutana na watu wa mtaani itafika Tabata kabla ndege haijaruka kwamba Bi Mkubwa kapelekwa kutibiwa 😂

Shangazi Mwajuma: Wifi nisikilize. Mimi Jeddah nilisukumwa. Nilikuwa na miguu yangu yote miwili mizima ila foleni nilipoiona nikasema miguu inauma. Nilipita mbele ya watu wote, wa uhamiaji akanigongea muhuri nimekaa, mzigo nikachukuliwa. Waliosimama kwa heshima zao walinikuta nimeshakunywa chai. Panda hicho kiti wifi usimpe mtu faida

Mama: 🎤 0:09

Rehema: Amecheka tu. Nasri andika

Zuhura Manchester: Mama na sindano zako za sukari zikae kwenye begi la mkononi USIZIWEKE kwenye begi kubwa, kule chini zinaweza kuganda. Na barua ya daktari. Rehema chakula cha mgonjwa wa sukari kinaagizwa bure, isipungue masaa 24 kabla ya safari, halali siyo wasiwasi Emirates chakula chote ni halali

Kaka Sudi: Begi la mkononi kilo 7 tu lakini na wanapima. Kubwa ni mawili ya kilo 23 kwa safari zinazoanzia Afrika, siyo moja la 46 eh, mawili. Nimeshaona mtu pale anafungua begi chini anagawa dagaa kwa aliyemsindikiza

Mama: 🎤 0:41

Rehema: Ooh hapa ndo penyewe. Mama anauliza hiyo bizinesi ya mjomba ilikuwa na kilo ngapi

Nasri: Mabegi 2 ya kilo 32

Mama: 🎤 0:22

Rehema: Anasema basi Hamza alikuwa na maana 😂😂 Yaani muda wote huu alikuwa ananyamaza hakutaka kitanda wala baa anataka kilo. Orodha yake: pilipili manga, hiliki, unga wa uwele, manjano, khanga za mzazi, majani ya mtoto ya kuogea na samli ya Tanga lita 5

Zuhura Manchester: Mama samli hapana 😭 nyama na maziwa na chochote kinachotokana na maziwa kutoka nyumbani hawapitishi, wanaitupa mbele yako

Mjomba Hamza: Samli ya Tanga itupwe? Hao ni watu?

Zuhura Manchester: Uwele na viungo njoo navyo Mama. Samli nimeipata hapa kwa Wapakistani siyo kama ile lakini ni samli

Mama: 🎤 0:06

Rehema: Anasema "haiwezi kuwa samli". Tuendelee. Nasri kiti, mweke siti ya njiani kwenye ndege zote mbili aweze kunyanyuka kutembea kila baada ya muda miguu isijae

Nasri: Poa. Nipe picha ya paspoti dada, jina liingie vile vile lilivyoandikwa mle, siyo Bi Mkubwa wala jina la kadi ya benki

Rehema: Nakutumia inboksi siyo hapa

Mama: 🎤 0:34

Rehema: Jamani Mama anasema njiani hataki anataka dirishani

Kaka Sudi: Mama goti! Utaruka watu wawili ukienda chooni

Rehema: Nimemwambia. Anasema basi la Tanga anakaa masaa sita dirishani na hajawahi kumruka mtu, na kwamba hii Dar ameingia 1979 na boksi la vitumbua kichwani hajawahi kuiona ikoje kutoka juu

Shangazi Mwajuma: Mpeni dirisha

Nasri: Kiti kinachaguliwa kila ndege peke yake, siyo lazima zifanane. Namweka dirishani mpaka Dubai, Dubai kwenda Manchester ndo ndefu namweka njiani. Na hii ya hapa inatoka kabla ya magharibi, jua bado lipo ataona

Mama: 🎤 0:03

Rehema: Amesema sawa

Nasri: Isiwe juu ya bawa tu, naenda nyuma ya bawa. Dada nipe hiyo picha ya paspoti nilipie kabla bando halijakata