Jukwaa linataka kupiga marufuku moduli zilizofungwa, na mimi ndiyo kazi yangu. Nifanyeje?

Kufuli Moja
Wakuu, habari zenu. Siku zote mimi ni msomaji tu humu, leo yamenifika.

Naandika skripti kwenye jukwaa moja la kutengeneza gemu, sitalitaja. Kwa miaka miwili nimekuwa na moduli yangu, yaani kipande cha programu, ya kuhifadhi maendeleo ya wachezaji: pointi, vifaa, hatua waliyofikia. Mwenye gemu anaandika mstari mmoja tu wenye namba ya moduli, seva inaivuta, kazi imekwisha. Msimbo wenyewe hauoni. Ananilipa kila mwezi. Gemu 31 zinaitumia.

Sasa jukwaa limeleta pendekezo: moduli iliyofungwa haitapakiwa tena kwenye gemu ya mtu mwingine. Ama uifungue kila mtu aisome, ama uitumie kwenye gemu zako mwenyewe. Wameruhusu mjadala, na wauza skripti wenzangu wameandaa waraka wa kupinga. Hii ni siku ya tatu sijalala vizuri.

Nisaini waraka, niifungue moduli, au nihame jukwaa? Naombeni ushauri wa kiutu uzima. Nawasilisha.

Nyuki Mkali
Pole mkuu, ila jambo hili si geni. Roblox walifanya hivyohivyo mwaka 2019: moduli binafsi ya mtu mwingine ikakatazwa kupakiwa kwa namba, ya kwako kwenye gemu yako ikaruhusiwa. Kelele zilikuwa kama hizi za kwenu.

Na sababu si wivu. Moduli ya namna hiyo ikishaingia kwenye seva inapata ruhusa zote za gemu. Tena seva inapowaka inavuta toleo la mwisho aliloweka mwandishi. Jana ilikuwa safi, usiku kaongeza mistari miwili, mwenye gemu kalala. Asubuhi wachezaji wake wanauliza vitu vyao viko wapi, na yeye hana hata pa kuangalia.

Mzee wa Pikseli
Vijana mna mambo. Sisi miaka ya themanini gemu zilikuwa zinachapishwa kwenye magazeti, msimbo wa BASIC kurasa nzima. Unakaa unanakili herufi kwa herufi, ukikosea nukta moja haiwaki. Lakini ukimaliza unaijua gemu yote kama mkono wako. Mimi niliongeza maisha ya mchezaji kutoka 3 hadi 99 kabla hata sijajua programu ni nini. Nani angenifundisha kama ile gemu ingekuwa imefungwa?

Samahani, swali lilikuwa nini?

Chura Kiziwi
Mtu anaitwa Kufuli Moja, anauliza kama afungue. Mimi nimekaa pale.

Bibi wa Seva
Mleta uzi, umeeleza jukwaa linataka nini, na wenzako wanataka nini. Hujaeleza unaogopa nini. Moduli ya kuhifadhi data si siri ya dunia, ziko za bure na zimeandikwa vizuri. Ikifunguliwa, unapoteza nini hasa?

Kufuli Moja
Bibi, shikamoo. Napoteza jasho langu. Leo nikiifungua, kesho kutwa ipo kwa jina la mtu mwingine. Na hao wa bure hawaamki usiku mteja akilia, mimi naamka.

Mjukuu wa Lua
Hapo umejijibu, kiongozi. Watu hawakulipi kwa ajili ya mistari, wanakulipa kwa kuamka usiku. Fungua moduli, uza huduma.

Kama kuna hesabu ya kweli ya siri, iweke kwenye seva yako nje ya jukwaa, gemu iwe inapiga hodi kupitia intaneti na kupokea jibu tu. Kinachobaki ndani ya gemu kinasomeka chote. Ubaya wake ni kwamba seva yako ikizima umezima wote, na kila ombi lina kuchelewa kwake. Kwa kuhifadhi data nisingeshauri, labda kwa kukagua leseni.

Kipanga Mweusi
Msidanganyane kwamba msimbo wazi ndiyo salama. Mwaka 2024 maktaba ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo wazi kabisa, iliwekewa mlango wa nyuma na mtu aliyejenga uaminifu kwa muda mrefu. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa anasoma msimbo kwa starehe. Alishtuka tu kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kuwa wazi si sawa na kusomwa.

Nyuki Mkali
Alishtuka, halafu akawa na pa kuchimba. Kwenye moduli ya huyu bwana ungeshtuka ukaishia hapo.

Bibi wa Seva
Marahaba. Ila umeruka swali, mwanangu. Mteja wa kwanza akiisoma leo, ataona nini?

Kufuli Moja
Sawa. Ngoja niseme, maana naona mtanizunguka mpaka kesho.

Ndani kuna kipande kinachosoma orodha yangu. Namba ya gemu ikiwa kwenye orodha, moduli inaacha kuhifadhi. Haionyeshi kosa, inaacha tu. Ni kwa ajili ya wasiolipa. Si virusi, sichukui data ya mtu, nisieleweke vibaya.

Nimekitumia mara moja tu. Jamaa alikuwa nyuma miezi miwili, hajibu ujumbe, halafu anatangaza mashindano ya wikiendi. Nikamweka kwenye orodha. Kwa bahati mbaya nilikuwa nalinganisha mwanzo wa namba badala ya namba nzima, zikazima na gemu nyingine nne za watu waliolipa. Kwa muda wa saa sita hivi. Nilipogundua nikarudisha, nikawaambia jukwaa lilikuwa na hitilafu. Yule mdaiwa alirudi hewani kesho yake kwa toleo la zamani alilokuwa nalo, na hajanilipa mpaka leo.

Sasa niambieni, fundi asiyelipwa afanyeje? Aimbe?

Chura Kiziwi
Saa sita wachezaji wanaokota dhahabu inayoyeyuka. Hiyo ni gemu nyingine kabisa, ungeiuza.

Nyuki Mkali
Aisee. Kumzima mdaiwa bila kumwambia tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Wale wanne umewadanganya. Wachezaji wao walipoteza kazi ya siku nzima na wenye gemu wakaomba radhi kwa kosa lisilo lao. Wewe ndiye ule mfano jukwaa linaloutafuta.

Mjukuu wa Lua
Mwaka 2016 jamaa aliondoa kifurushi cha left-pad kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, mistari 11 tu, na miradi kibao ikashindwa kujengwa. Alikuwa na hasira na wengine, walioumia hawakuwa kwenye ugomvi. Lakini pale sababu ilionekana siku hiyohiyo na kifurushi kikarudishwa. Wateja wako wanne hawajui mpaka leo.

Kitufe cha kuzima kinakubalika kama kimeandikwa kwenye makubaliano na kinapiga kelele: "leseni imeisha, data haihifadhiwi". Mwenye gemu anafunga mlango, hakuna anayepoteza kitu. Kuzima kimyakimya moduli ya kuhifadhi data ni kuvunja, hata ukiita leseni.

Kufuli Moja
Nimewasikia, ila mnaongea kama watu ambao hawajawahi kudhulumiwa. Hakuna mahakama ya skripti.

Na niseme yote. Jana usiku nimeshapakia toleo jipya na kuliweka wazi. Nimelivuruga kwanza: majina yote yamekuwa l na 1, kila kitu mstari mmoja mrefu. Yeyote anaweza kulifungua. Kwa hiyo pendekezo likipita, mimi nimetii.

Mzee wa Pikseli
Hilo gazeti nisingelinunua.

Nyuki Mkali
Wenzako walishaliona hilo zamani. Sheria za Blizzard za mwaka 2009 kuhusu programu-jalizi za World of Warcraft zilitaka msimbo wote uonekane, usifichwe wala kuvurugwa. Zikakataza na kuziuza. Ukivuruga unajitangaza kwamba una cha kuficha.

Na umeuliza nini basi, kama umeshaamua jana usiku?

Kipanga Mweusi
Jamani, hii ni chai. Nimesoma mara mbili.

Moja, moduli imefungwa na inavutwa kwa namba, seva inachukua toleo la mwisho. Nyuki kaeleza hapo juu. Huyo mdaiwa alipata wapi "toleo la zamani alilokuwa nalo"? Kitu usichokiona hukihifadhi. Ama mleta uzi hajui anachouza, ama hauzi kitu.

Pili, tazameni jinsi alivyokamilika. Kafunga msimbo, kaweka swichi ya siri, kazima wasio na hatia, kawadanganya, kavuruga. Wanaotaka marufuku wangeomba muuzaji wa mfano wasingepata bora zaidi. Akaunti haina bandiko jingine. Nasema mtu wa upande wa marufuku ameketi akatunga.

Chura Kiziwi
Nilihisi. Mimi nimerudi pale nilipokaa.

Mjukuu wa Lua
Hoja ya toleo la zamani ni nzito. Mleta uzi, jibu hiyo.

Mzee wa Pikseli
Hata kama katunga, mimi nimejifunza. Nina gemu yangu ya samaki imepakia moduli nisiyoijua tangu mwaka juzi, nimeingia kuitoa, sasa samaki hawaogelei. Nani anisaidie?

Mjukuu wa Lua
Mzee, njoo PM.

Kufuli Moja
Kipanga, sijatunga na sina upande. Toleo la zamani nilimpa mimi kwa mkono wangu. Alikuwa mteja wangu wa kwanza, sikuwa najua bei wala nini, nikamtumia faili zima, wazi. Lilikuwa halina kile kipande. Nilipomzima, akafuta ile namba, akarudisha lile faili. Umeridhika?

Kipanga Mweusi
Inawezekana. Bado nanusa chai, lakini imepungua.

Bibi wa Seva
Subiri. Faili hilo liko nje muda gani?

Kufuli Moja
Mwaka na nusu na zaidi.

Bibi wa Seva
Liko wazi, mikononi mwa mtu mliyegombana. Umeliona wapi likiuzwa kwa jina la mwingine?

Kufuli Moja
Sijaliona.

Bibi wa Seva
Na wateja waliokukimbia kwa sababu hiyo?

Kufuli Moja
Hakuna. Wameongezeka.

Nimeelewa unakonipeleka, Bibi. Kile kipande nitakitoa. Ila sio wiki hii, maana nikikitoa sasa na mdaiwa mwingine yupo nyuma mwezi mmoja, nitakuwa nimejivua nguo. Mjadala wa jukwaa uishe kwanza. Wale wanne nao nitawaandikia nikitulia.

Lakini swali langu la mwanzo hamjalijibu hata mmoja. Waraka unafungwa kesho. Nisaini au nisisaini?

Nyuki Mkali
Ukisaini, andika na saa sita zile.

Chura Kiziwi
Mods, fungeni huu uzi.

Mzee wa Pikseli
Uacheni wazi. Wale wanne wanaweza kupita.