MREJESHO: Kodi na msosi baada ya mshahara kugeuka hela ya bodaboda

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga kodi na chakula pale mshahara unapokoma na kipato kuwa cha kila siku. Ushauri wa kugawa kodi kwa siku na kuweka kidogo kila jioni umefanya kazi, ila gawa kwa siku za kazi 26 za mwezi, si 30. Kodi ya 80,000 kwa miezi 6 ni 480,000. Kwa siku 156 ni kama 3,100 kila jioni. Ukigawa kwa 30 unaweka 2,667 tu, na miezi 6 ikiisha una pengo la 64,000 (mwenye nyumba haelewi hesabu hiyo). Mafuta na oili ya pikipiki vitolewe kwanza. Unga na mchele nunua vya wiki, vya kupima buku buku vinamaliza hela kimya kimya. Masika bado mtihani.