Kaya ya kijijini Siaya ikipokea fedha taslimu kwa mkupuo, nini hasa hubadilika?

Mwana_wa_Ugunja ameuliza:

Wanajukwaa, salamu. Mama yangu mdogo na mumewe wanaishi karibu na Ugunja, kaunti ya Siaya, na hivi majuzi waliandikishwa pamoja na kijiji chao chote na shirika linalogawa fedha taslimu bila masharti. Watazipokea kwa simu, kwa mikupuo, na hakuna atakayewauliza wamezitumiaje. Wana watoto wanne, ekari moja ya mahindi na maharagwe, kuku kadhaa, na nyumba ya nyasi inayovuja kila masika. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatumia kidogo kila mwisho wa mwezi, nami nimeona fedha hizo zikiishia kwenye unga, sukari na karo iliyochelewa bila kuacha alama yoyote. Ndiyo maana nina mashaka: je, kitita kikubwa hubadilisha kweli maisha ya kaya kama hiyo, au huisha tu kwa kasi zaidi? Ningependa pia kujua kama ni afadhali fedha ziingie kwenye simu ya mke au ya mume, kwa kuwa baba mdogo, nasema kwa heshima, hapendi kuulizwa habari za matumizi.

Mhasibu_wa_Kisumu amejibu:

Ndugu, swali lako limechunguzwa huko huko Siaya kuliko pengi duniani. Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liligawa fedha katika vijiji vya Rarieda, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia kilichotokea. Kaya nyingine zilipewa jumla ya shilingi 25,200 na nyingine shilingi 95,200. Tena wapo waliopewa kwa mkupuo, na wapo waliopewa kwa awamu tisa za kila mwezi za shilingi 2,800. Waliopokea kila mwezi walipata nafuu zaidi katika chakula, na waliopokea kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Kwa hiyo fedha ulizokuwa ukituma hazikupotea, bali zilifanya kazi inayowezwa na kiasi kile, yaani kuizuia njaa isiingie ndani. Shilingi elfu mbili hazifiki bei ya ng'ombe hata zikitumwa kwa miaka kumi, ikiwa kila mwezi unakuja na pengo lake la kuzibwa.

Chukua mfano wa mabati, ambayo wengi huyanunua kwanza na ambayo watu wa mjini huyadharau wakidhani ni ya kujionyesha. Paa la nyasi si la bure. Nyasi zenyewe zinazidi kuadimika kadiri malisho yanavyogeuzwa mashamba, hununuliwa, fundi hulipwa, na baada ya muda mfupi sehemu iliyooza hurudiwa tena. Mwenye mabati huondokana na gharama hiyo, mbegu na mahindi yake ya akiba hayalowi, watoto hulala pakavu, na akiweka mfereji na pipa hukinga maji ya mvua badala ya kumtuma binti mtoni. Mimi ninayahesabu mabati kuwa uwekezaji, hata kama hayatoi risiti ya faida.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Kaya isiyo na akiba huuza mahindi yake mara tu baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha huyanunua tena kwa bei ya juu kati ya Aprili na Juni ghala likiwa tupu. Miezi hiyo hiyo ya njaa ndiyo ya kupalilia, lakini mama na baba huwa kwenye vibarua vya mashamba ya watu ili wapate unga wa jioni, na shamba lao wenyewe humezwa na magugu. Kitita kikipatikana kabla ya mvua hukata mnyororo huo mahali pawili kwa pamoja: mbolea hununuliwa kwa wakati, na nguvu za watu wa nyumbani hubaki nyumbani.

Kuhusu pombe na sigara, jambo ambalo kila mtu huliuliza kwa kunong'ona, utafiti wa Rarieda haukuona ongezeko la matumizi hayo.

Mweka_Hazina_wa_Chama amejibu:

Mwanangu, nitajibu lile la simu ya nani. Katika utafiti aliousimulia Mhasibu, mpokeaji alichaguliwa kwa kura baina ya mume na mke, na matumizi ya kaya hayakutofautiana sana kwa sababu hiyo. Kilichoonekana ni kwamba mke alipokuwa ndiye mpokeaji, homoni ya msongo wa mawazo mwilini ilikuwa chini zaidi. Kwa hiyo ningependelea simu ya mama yako mdogo, lakini si kwa siri wala kwa kumzunguka baba. Waketi wawili kabla fedha hazijaingia, wakubaliane mambo mawili au matatu makubwa, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa ukishalia, kila jamaa mwenye mgonjwa au harambee hukumbuka undugu.

Ningeongeza pia kwamba mgawanyo baina ya kidogo cha kila mwezi na mkupuo si ukuta. Katika mradi mwingine wa shirika hilo hilo, ambao ulifika Siaya na Bomet, watu wazima wa vijiji fulani waliahidiwa takriban shilingi 2,250 kila mwezi kwa miaka 12, wengine kwa miaka miwili tu, na wengine wakapewa kitita cha takriban dola 500 kwa wakati mmoja. Waliopewa kitita walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Lakini wale wa miaka 12 nao hawakuachwa nyuma, kwa sababu wengi waliingia katika vyama vya kuchangiana kwa zamu na kuzigeuza fedha za mwezi kuwa mkupuo wao wenyewe. Sisi wanawake tumefanya hivyo tangu kabla mtafiti yeyote hajaja na daftari lake, na sharti lake ni moja, kwamba kila mwanachama awe na hakika ya kupata kitu mwezi ujao.

Mdadisi_wa_Homa_Bay amejibu:

Naheshimu yaliyosemwa, ila nisingetaka muulizaji aondoke hapa akidhani kwamba hakuna doa. Katika ugawaji wa mwanzo, walengwa walikuwa wenye nyumba za nyasi pekee, na jirani aliyejinyima akaezeka mabati mapema aliachwa nje. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba majirani walioachwa walipungukiwa na kuridhika na maisha yao kadiri wenzao walivyotajirika, ingawa hisia hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Kuandikisha kijiji kizima, kama ilivyofanyika kwa mama yako mdogo, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Huku kwetu tatizo lilikuwa jingine: kaya nyingi zilizikataa fedha kabisa, kwa uvumi kwamba zilitoka kwa waabudu shetani. Msicheke. Mtu aliyezoea kwamba kila mgeni mwenye gari huondoka na kitu ana sababu ya kuiogopa zawadi isiyodai chochote.

Kuhusu kudumu, miaka mitatu baadaye wapokeaji wa Rarieda walikuwa na mali takriban asilimia 40 zaidi ya kaya za vijiji vya mbali ambavyo havikupokea. Hilo ni kubwa, lakini kuhusu matumizi ya kila siku wasomi waliendelea kubishana. Mabati hubaki, ng'ombe hubaki asipougua, ila usitarajie kwamba karo itajilipa yenyewe.

Mhasibu_wa_Kisumu ameongeza:

Nakubaliana nawe kuhusu majirani, lakini iko habari njema upande huo. Kuanzia 2014 utafiti mkubwa zaidi ulifanyika katika vijiji 653 vya Alego, Ugunja na Ukwala, yaani pale pale kwa muulizaji, na zaidi ya kaya 10,000 zikapewa takriban shilingi 87,000 kila moja. Kila dola moja iliyogawiwa ilizalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, na hata kaya ambazo hazikupewa ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa mpokeaji hununua kwa mwenye duka, hutengenezewa mlango na seremala, hukodi bodaboda na husagiwa mahindi katika kinu cha jirani. Bei hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno. Ukikumbuka jinsi mwenye kinu cha posho anavyoketi nusu siku akingoja wateja, utaelewa ni kwa nini: alikuwa na uwezo wa kuhudumia wengi zaidi bila kuongeza gharama.

Matokeo ya 2025 kutoka vijiji hivyo hivyo yanazidi hayo. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa karibu nusu katika kaya zilizopokea, hasa fedha zilipofika karibu na wakati wa kujifungua na palipokuwa na hospitali jirani, kwa sababu mama aliweza kupumzika kazi ngumu za shamba na kulipia safari ya kwenda kujifungulia penye daktari.

Mlezi_wa_Chamwino amejibu:

Kutoka Dodoma, naomba nichangie kwa ufupi. Kwetu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, hutoa ruzuku kwa kaya maskini kwa masharti ya mahudhurio ya kliniki na shule, na majaribio ya awali yalifanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Walengwa walinunua kuku na mbuzi, viatu vya watoto, na wakajiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Ni dhahiri kwamba hata ruzuku ndogo huelekea kwenye mifugo, ila huanzia kwenye kuku.

Mwana_wa_Ugunja:

Nawashukuru nyote. Mama Mweka Hazina, nitawapigia simu Jumapili wakiwa pamoja. Limebaki moja: je, nisitishe zile ninazotuma kila mwezi hadi kitita kiishe?

Mweka_Hazina_wa_Chama amejibu:

Usisitishe, mwanangu, angalau hadi mavuno ya Agosti. Ukiziondoa, unga wa kila siku utatoka kwenye kitita, nao ng'ombe wataliwa kabla hawajanunuliwa. Waambie wazi kwamba zako ni za chakula na karo, na zile za shirika ni za paa na mfugo. Baada ya mavuno, kama ghala limejaa, unaweza kupunguza, na hicho utakachopunguza mama yako mdogo akiingize katika chama.